Fimbo Iliyochaguliwa Vizuri Mno

Sherifu Royce Mouton hutoa amri huku akila, na asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa na soseji ya wali mkononi, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye mkanda wa saa.

“Irudishe hiyo fimbo stoo ya vielelezo,” alisema.

Mpelelezi Lorene Fruge hakuirudisha. Aliiegemeza ukutani kando ya bendera, akarudi nyuma kuitazama. Ilikuwa fimbo ya kuvulia samaki, nyeusi, ndefu kumpita yeye na kofia yake, ngumu kama mpini wa ufagio. Juu ya mpini wake kilikaa kigurudumu kidogo cha mshipi. Iliopolewa Jumamosi kwenye magugumaji ya Ziwa Saint-Aubin, mahali palepale ilipopatikana maiti ya Alcide Robichaux ikielea kifudifudi kando ya mashua yake, kisogo kimepasuka.

“Kesi imekwisha, Lorene,” Sherifu aliendelea. “Kafi lililompasua ni la Ernestine Narcisse. Jina lake limechongwa mpinini, unataka nini tena? Alhamisi, kwenye karamu ya samaki ya kanisa, alimwambia mbele ya watu wote atamzika ndani ya magugu yake. Ijumaa jioni mtu akazikwa ndani ya magugu yake. Alasiri hii anasomewa mashtaka ya kuua. Au unangoja malaika ashuke kutoa ushahidi?”

“Nangoja kujua ni nani aliyeichagua fimbo hii.”

“Alcide! Alikuwa anavua. Mwanamke akamjia na mtumbwi wake wa mitego, akamtwanga.”

“Alcide akakaa kitako akamngoja amkaribie na kafi?”

Sherifu alitafuna taratibu. Alikuwa mtu mnene, si mbaya wa moyo, ila mvivu wa kufikiri. Lorene alikwisha kuona kwamba mtu mvivu wa kufikiri akipewa cheo huua watu wengi kuliko mwenye bunduki.

“Tate Guillory ameshinda mashindano ya uvuvi,” Sherifu alisema. “Waandishi wa magazeti wamejaa mjini. Watu wanataka kula, kucheza muziki na kumbeba bingwa wao. Hawataki uzunguke na fimbo ya maiti kuwaharibia tumbo. Asiyesikia la mkuu, Lorene…”

“Huvunjika guu. Najua, Sherifu. Guu ni langu.”

Aliichukua fimbo yake akatoka nayo.

* * *

Ernestine Narcisse alikuwa ameketi kitandani mle mahabusu, mgongo wima kama yuko kanisani. Ni mwanamke wa makamo yaliyokwisha kuaga, mikono yake imejaa makovu ya mitego ya kamba wa maji baridi, anaoishi kwa kuwauza.

“Wamekuletea chakula, Bi Ernestine?”

“Wameniletea supu ya bamia. Aliyeipika ndiye angekaa humu, mimi niende nyumbani.”

Lorene alivuta kiti. “Nasikia Sherifu amekuletea na mapatano.”

“Alikuja na mwanasheria wa serikali, wote wawili wamevaa sura za msibani. Ati nikikubali kwamba hasira zilinipanda, watanipunguzia kifungo. Nikawaambia hasira zinanipanda kila siku ya Mungu, na sijaua mtu. Kwa nini niseme nimeua? Niwapumzishe wao? Sisemi! Wanifunge mpaka nioze, sisemi.”

“Hata kama ni kifungo cha maisha?”

“Binti, maisha yangu yamebaki kiduchu. Kidogo hicho sitakiishi kama mwongo.” Alisema kwa sauti ya juu, ili askari wa mlangoni asikie.

Lorene alimwuliza habari za Ijumaa. Ernestine alikunja blanketi la jela miguuni, akaguna.

“Alikuja kwangu mchana, damu inamtiririka. Gumba la mkono wa kulia. Alikuwa anachonga mpini wa fimbo, kisu kikateleza mpaka mfupani. Tangu Alhamisi hatusemeshani, lakini nyumba ya jirani ni yangu, angekwenda wapi? Nikamwosha kwa wiski, nikambandika plasta kubwa, nikamfunga kitambaa. Alilia kama ndama.”

“Na kafi?”

“La kwake lilikuwa limevunjika, akaniazima. Nikampa. Nikamwambia asipolirudisha nitamzika nalo. Hilo usiliandike.”

Wote wawili walicheka, kisha kicheko kikamgeuka Ernestine kikawa kitu kingine, akajifuta pua kwa kiganja.

“Miaka yote hii nimemchukia yule mzee na magugu yake. Mimi nataka serikali iyapulizie dawa yafe, yananinyonga mitego. Yeye anataka yabaki kwa sababu samaki wake wanalala chini yake. Kila asubuhi tunatukanana uani. Sasa naamka, uani kimya. Nina uchungu, Lorene, nakwambia kweli. Halafu wananiambia ni mimi.”

“Haya ya gumba ulimwambia Sherifu?”

“Nilimwambia. Alikuwa anatafuna.”

Lorene alipotoka alimpigia simu daktari wa maiti. Daktari alikumbuka jeraha la gumba. Alidhani Alcide alilipata akijikinga.

“Kuna alama ya gundi ya plasta kuzunguka jeraha?” Lorene aliuliza.

Daktari aliweka simu mezani. Ikasikika droo ikivutwa, viatu, kisha pumzi ya mtu aliyeaibika.

“Ipo,” daktari alisema. “Kitambaa na plasta lazima vilitoka majini. Jeraha lenyewe ni la saa kadhaa kabla ya kifo. Samahani, Mpelelezi.”

“Samahani yako iandike kwenye ripoti,” Lorene alisema, akakata.

* * *

Duka la Ovide Primeaux linauza kila kinachohitajika kumtoa samaki majini, na nusu yake ni vitu ambavyo samaki hajawahi kuvihitaji. Ovide mwenyewe ni mtu wa maneno mengi, kipara, anayependa kuulizwa. Lakini alipoiona fimbo ile juu ya meza yake ya kuuzia, maneno yalimkauka, jasho likamtoka chini ya pua. Lorene aliliona lile jasho akaliweka akilini.

“Nifundishe, bwana Ovide. Mimi navua kambale kwa uzi mtupu na maini ya kuku. Hii ni ya kazi gani?”

Hakuna mvuvi anayeweza kulikataa swali hilo. Ovide alipumua, akaishika fimbo, na rangi ikaanza kumrudi.

“Hii ni ya magugu mazito. Besi wakubwa, wale wa kijani wenye mdomo kama ndoo, majira haya wanalala chini ya magugu, kivulini, wananenepa. Magugu yamefunika maji kama blanketi. Unafunga chubwi zito, linatoboa blanketi, chambo kinazama, naye anakidaka. Hapo ndipo wanaume wanapolia! Ukiwa na fimbo laini, anajizungusha kwenye mashina, kwaheri. Kwa hiyo unataka ndefu, ngumu, ncha tu ndiyo ikubali kupinda. Unamwinua moja kwa moja juu kabla hajafikiri. Mshipi uwe wa kusuka, mnene, unaokata mashina kama msumeno. Kigurudumu kiwe cha kukaa juu ya mpini, chenye mbio, na breki yake uikaze mpaka mwisho, mshipi usitoke hata kidogo. Kwenye magugu hakuna mazungumzo, dada. Unavuta au unapoteza.”

“Kwa hiyo kwa pale alipokutwa Alcide, hii ni sawa?”

“Sawa? Ungenipa duka zima nichague, ningechagua hii.”

“Na kigurudumu hiki unauzuiaje uzi wakati wa kurusha?”

“Kwa gumba. Uzi unatoka kama kichaa, gumba ndilo linaloukanyaga na kuuambia basi. Bila gumba unafumuka wote, unajisokota, siku nzima unaufungua huku ukimtukana mama mkwe wako.”

“Na gumba likiwa limepasuka mpaka mfupani, limefungwa kitambaa?”

Ovide aliiweka fimbo chini.

“Ulijua,” Lorene alisema.

“Nilimwona Ijumaa. Alikuja hapa na kidole kinene kama kizibo. Akataka ile aina nyingine, kigurudumu kinachoning'inia chini ya fimbo. Hicho unakizuia kwa kidole cha shahada. Akachukua iliyo ngumu kuliko zote, akalalamika kwamba hata hiyo ni ya kuvulia dagaa. Alinuna kama mtoto, lakini alisema mpaka gumba lipone hatagusa hizi za juu.”

“Na tangu Jumamosi mji mzima unasema alikufa akivua kwa hii, na wewe umekaa kimya. Mama wa watu yuko ndani, Ovide!”

“Niliogopa.”

“Nani?”

Ovide alitazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Juu ya mlango ilitundikwa picha kubwa ya Tate Guillory akibusu samaki.

“Alcide aliniambia kitu,” alisema kwa sauti ndogo. “Alikuta tundu la waya limefungwa chini ya magugu. Ndani mna besi wakubwa, wazima. Mtu amewafuga kama kuku, mashindano yakianza awachukue tu akawapime. Alcide hakujua ni wa nani. Akasema jioni atakwenda kukaa karibu na tundu, kimya, amngoje mwenyewe. Nikamwambia aachane nayo. Akaniambia, ‘Ovide, wewe ungekuwa samaki ungekuwa wa kwanza kuingia tunduni.’ Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Linaniuma mpaka sasa.”

Lorene alikuwa amefikiria kumtia pingu kwa ajili ya lile jasho. Sasa aliona ni la aibu, na aibu haina pingu. Tena Ovide alijua habari za gumba. Aliyeiweka fimbo ile kwenye magugu hakujua.

“Jambo moja zaidi. Kigurudumu hiki nilikikuta breki imekazwa mpaka mwisho.”

“Ndivyo inavyotakiwa wakati wa kuvua. Lakini jioni Alcide anazilegeza zote, kama mtu anayemfungulia ng'ombe nira. Breki ikilala imekazwa inaharibika. Na asubuhi, kabla ya kuchukua fimbo, anapitisha pamba kwenye hizi pete mshipi unamopita. Wengine tunatumia ukucha. Pete yenye ufa inakata mshipi wa kusuka kama wembe, na huo ufa macho hayauoni. Mkono unakwenda wenyewe, hata hufikiri.”

“Nipe pamba,” Lorene alisema.

* * *

Mashua ya Alcide ilikuwa nyuma ya kituo, imefunikwa turubai. Lorene alifungua sanduku refu la fimbo lililo ubavuni. Tangu Jumamosi lilikuwa limefungwa kwa lakiri ya polisi, na yeye ndiye aliyeitia.

Akazitoa moja moja, akavuta mshipi wa kila kigurudumu. Kila mmoja ulitoka laini. Breki zimelegezwa, zote. Moja kati ya fimbo hizo ilikuwa pacha wa ile nyeusi: urefu uleule, ugumu uleule, mpini uliochongwa na mkono uleule, tofauti ni rangi ya kigurudumu tu. Lorene alipitisha pamba kwenye pete zake, kuanzia chini. Ilipita, ikapita, ikapita. Kwenye pete ya ncha pamba ikanasa, uzi mweupe ukabaki umening'inia. Alimulika kwa tochi, akageuza, akavaa miwani. Hakuona kitu. Akarudia pamba, ikanasa tena.

Alikaa kwenye ukingo wa mashua akapanga mambo.

Alcide hakwenda kuvua. Njiani Lorene alikuwa amepita nyumbani kwake, na ile fimbo mpya ya Ovide ilikuwa barazani, bado imo ndani ya nailoni ya duka. Alikwenda kumngoja mwenye tundu. Mwenye tundu akaja, akampiga kwa kafi lililokuwamo mashuani, kisha akataka ionekane kuwa mzee ameteleza akivua. Akafungua sanduku, akachagua fimbo. Ernestine angeokota yoyote, na wala asingejua kuwa breki inakazwa. Tena Ernestine ndiye aliyelifunga lile gumba. Muuaji huyu alijua kila kitu kuhusu magugu, akakosa kujua jambo moja la mkono wa mwenye fimbo. Na mbele yake kulikuwa na fimbo pacha, akaiacha yenye ufa, maana ukucha wake ulikwisha kuupata.

Lorene alisikia hasira ikimpanda, hasira tamu, ile inayomnyoosha mtu mgongo. Akazifunga fimbo zote mbili katika nailoni ya ushahidi, tabaka mbili kwa kila moja, akaziweka kwenye gari.

* * *

Kwenye gati la ziwa kambale walikuwa wanakaangwa, na wanaume wa mashindano walikuwa wamejipanga kwenye meza ndefu chini ya turubai, wakisimuliana samaki waliowatoroka. Tate Guillory aliketi katikati, miwani ya jua usoni, kikombe cha ushindi mbele yake kimejazwa bamia za kukaanga. Ovide naye alikuja, akasimama nyuma ya wote, mikono mifukoni.

“Bi Lorene!” Tate aliita. “Umekuja kunikamata kwa kuwaonea samaki?”

Watu walicheka. Lorene naye alicheka, akaziweka fimbo mbili kwenye ncha ya mbali ya meza.

“Nimekuja kuomba shule. Alasiri nakwenda mahakamani, wataniuliza mambo ya fimbo, na mimi mwana wa kambale. Hizi ni za Alcide.”

Kicheko kilipungua. Mmoja alivua kofia.

“Mzee alikuwa fundi,” Tate alisema, mdomo umejaa. “Tulikuwa hatupatani, lakini haki yake nampa.”

“Jumamosi ulituambia hujawahi kukanyaga mashua yake.”

“Sijawahi. Wala salamu, tangu Pasaka. Angenitoa macho.”

“Wala kuzishika fimbo zake?”

“Alcide?” mzee mmoja alidakia. “Alcide hakumshikisha fimbo yake hata padri alipotaka kuibariki!”

Wakacheka tena. Lorene alingoja wamalize.

“Basi nifundishe, bingwa. Mwanasheria akiniuliza, pale kwenye magugu, kwa nini mzee achague fimbo ndefu nzito na si nyepesi?”

Tate alijifuta vidole. Watu wa aina yake hawahitaji kubembelezwa kusema. Kuwanyamazisha ndiyo kazi. Akaeleza habari za mashina, mshipi wa kusuka, breki, yote aliyoyasema Ovide, kwa mbwembwe zaidi. “Mtu mzima haingii magugu yale na kitu kingine,” alimaliza. “Akiingia, basi mlevi.”

“Na hizi mbili? Naona ni pacha. Nikisimama pale nimwambie hakimu yoyote ingefaa, nitakuwa nimekosea?”

“Utachekwa,” Tate alisema, akanyoosha mkono wenye bamia kule mwisho wa meza. “Hiyo ya kushoto hata paka usimvulie. Pete ya ncha ina ufa.”

Akatia bamia mdomoni.

Lorene alitaka lile neno litue kwanza, na lilipotua, lilitua kwa watu waliojua maana yake. Yule mzee aliyemtaja padri aligeuka polepole akaitazama fimbo ndani ya nailoni, kisha akamtazama Tate, kisha akapima kwa macho urefu wa meza.

“Ufa uko wapi, Tate?” mzee aliuliza.

“Nimesema, pete ya ncha.”

“Mimi niko karibu kuliko wewe, na siuoni.”

“Alcide aliniambia.”

“Lini?” Lorene aliuliza. “Hamjasalimiana tangu Pasaka.”

“Nimeuona! Nina macho.”

“Kutoka huko, kupita nailoni mbili, umevaa miwani ya jua. Mimi nimeumulika kwa tochi sikuuona. Nimeupata kwa pamba.” Lorene alisogea upande wake wa meza. “Sanduku la mashua ya Alcide lina lakiri yangu tangu Jumamosi. Kabla ya hapo alikuwa nalo yeye, kisha yule aliyemuua. Aliyemuua alichagua fimbo iliyo sawa kabisa, akakaza breki ya kigurudumu, akaitupa kwenye magugu. Hakujua kwamba Alcide alikuwa amejikata gumba, kigurudumu kile asingeweza hata kukitumia.”

“Gumba gani?” Tate alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema kitu bila kujisikiliza.

“Kulikuwa na tundu,” sauti ilisema kutoka nyuma.

Alikuwa Ovide. Mikono ilikuwa imetoka mifukoni, akapenya kati ya watu mpaka akafika mbele. “Alcide aliniambia. Tundu la waya chini ya magugu, lina besi wakubwa. Alikwenda kumngoja mwenyewe. Nilijua tangu Jumamosi nikanyamaza, na nitakwenda kulisema hili popote, hata mniite nani.”

Sasa wanaume wote walikuwa wanaangalia kikombe. Hakuna aliyeangalia samaki waliokaangwa.

“Ovide mwongo,” Tate alisema. “Mnamsikiliza muuza chambo? Mimi ndiye niliyeliweka ziwa hili kwenye magazeti! Mlikuwa nani kabla yangu?”

“Wavuvi,” mzee alijibu.

Lorene aliinama karibu na sikio la Tate, lakini alisema kwa sauti ya kusikika. “Kitu kimoja sikielewi. Ulikuwa na haraka, mtu amekufa miguuni pako. Kwa nini hukuokota yoyote iliyokuwa juu? Hii yenye ufa ilikuwa na ubaya gani, isikufae?”

“Pale?” Tate alifoka. “Kwenye magugu yale, na pete yenye ufa? Nani angeamini?”

Mafuta yaliendelea kuchemka kwenye sufuria. Mpishi alilizima jiko.

Tate alivua miwani. Aliangalia uso mmoja hadi mwingine, akitafuta hata mmoja wa kumtania, asimpate. Lorene alimshika mkono wa kulia, akaupeleka nyuma, kisha wa kushoto. Simu ya Lorene ilikuwa inalia mfukoni. Aliipokea kwa bega.

“Nasikia uko gatini,” sauti ya Sherifu ilisema. “Lorene, usimguse Tate Guillory. Narudia, usimguse!”

“Nimeshamgusa, Sherifu,” Lorene alisema. “Mfungulie mama wa watu.”

* * *

Habari ilifika kituoni kabla ya gari. Lorene alipoingia na Tate aliwakuta watu wamefurika mbele ya jengo mpaka barabarani: wa mashindano, wa kanisani, wenye kamera. Alimkabidhi Tate kwa askari wa zamu, akaenda mahabusu.

Sherifu alikuwa pale na Ernestine. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na Ernestine alikuwa amesimama ndani yake, mkoba mkononi, kofia ya kanisani kichwani, bonyeo kubwa limeingia ubavuni mwa kofia.

“Mwambie,” Sherifu alimlalamikia Lorene. “Gari liko mlango wa nyuma. Nyumbani, raha mustarehe, hakuna wa kumsumbua. Hataki.”

“Jana mlinichukua kanisani,” Ernestine alisema, “ibada inakwisha, watu wamejaa. Mkanitia pingu mbele ya padri. Kofia yangu ikaanguka, askari wako akaikanyaga, na nilipoomba niiokote nikaambiwa twende. Mkanipitisha mlango wa mbele, polepole, kila mtu anione. Wakaniona. Wengine walitema mate.”

“Bi Ernestine, nimesema tumekosea.”

“Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa nalijua.” Aliuhamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda mwingine. “Nitakaa humu mpaka huo mlango wa mbele ufunguliwe. Nimekwisha kuizoea hata ile supu.”

Sherifu alimtazama Lorene, akitumaini msaada. Lorene alijiegemeza ukutani, akakunja mikono.

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Lorene alimwona mwanamume yule hana kitu mdomoni. Alivuta suruali yake, kisha akatangulia kwenye korido, akafungua mlango wa mbele kwa mikono yake mwenyewe, akabaki ameushikilia.

Ernestine alitoka. Makelele yalikatika. Alikwenda mpaka juu ya ngazi, jua likampiga usoni, akasimama na kofia yake iliyobonyea bila kuinyoosha. Watu wa mbele walimpisha njia. Hakuipita. Alianza upande wa kulia, akamtazama kila mmoja usoni, taratibu, na waliokuwa wameinamisha macho aliwangoja. Hakushuka ngazi mpaka wa mwisho alipoinua kichwa.